MALIPO YA KODI NA ADA ZA MABARAZA KWA NJIA YA KIELEKTRONIKI: MAELEZO KWA WATUMISHI NA WANANCHI

Maelezo haya yanatolewa kwa watumishi wa umma na wakaazi wa Unguja, Pemba na visiwa vidogo vinavyovizunguka, kwa madhumuni ya kufafanua namna ada na ushuru wa serikali za mitaa unavyolipwa kwa simu, kwa benki au kwa wakala, bila ya mlipaji kumkabidhi mtumishi fedha taslimu. Yameandikwa kwa sababu bado wapo wananchi wanaoziona njia hizo kuwa ni mambo ya vijana na ya wenye simu kubwa, na wapo pia watumishi wanaozitangaza bila ya kuzieleza. Pande zote mbili zinahitaji kufahamu jambo moja la msingi: nini hutokea kwa shilingi ya mlipaji tangu inapotoka mkononi mwake hadi inapoingia katika hesabu ya Baraza.

NANI HUKUSANYA NINI

Malalamiko mengi kuhusu kodi huanzia kwenye kuchanganya vyombo. Inafaa, kwa hiyo, kuanza kwa kuvitenganisha.

Mamlaka ya Mapato Tanzania, ambayo ni chombo cha Muungano kilichoanza kazi mwaka 1996, hukusanya kodi ya mapato na ushuru wa forodha. Mamlaka ya Mapato Zanzibar, ambayo hadi mwaka 2022 ilijulikana kwa jina la Bodi ya Mapato Zanzibar na ambayo chimbuko lake ni Sheria Namba 7 ya mwaka 1996, hukusanya kodi zisizokuwa za Muungano, zikiwemo Kodi ya Ongezeko la Thamani inayotozwa ndani ya Zanzibar, ushuru wa hoteli na ushuru wa stempu. Mabaraza ya Manispaa, Mabaraza ya Miji na Mabaraza ya Wilaya, yanayofanya kazi kwa mujibu wa Sheria Namba 7 ya mwaka 2014, hutoza ada na ushuru wa ngazi yao kama zinavyoelekeza sheria ndogo zao: vizimba vya soko, maegesho ya vyombo vya moto, mabango ya matangazo, huduma za usafi na mengineyo ya aina hiyo.

Mfanyabiashara mmoja anaweza kudaiwa na vyombo vyote vitatu kwa mwezi mmoja, na kila kimoja kina hesabu yake. Stakabadhi ya kimoja haimfutii mtu deni la kingine. Ndiyo maana swali la kwanza la mlipaji, kabla ya kuuliza ni kiasi gani, liwe ni hili: deni hili ni la nani?

KASORO YA FEDHA MKONONI

Tuchukue mfano wa mchuuzi wa samaki. Asubuhi amepita mkusanyaji, naye amelipa ushuru wa kizimba na kupewa kipande cha stakabadhi. Kipande hicho kimekaa karibu na maji na magamba, na hadi adhuhuri hakisomeki. Jioni anakuja mkusanyaji mwengine wa zamu, anadai ushuru uleule. Mchuuzi anaapa kuwa ameshalipa; mkusanyaji anasema hana ushahidi. Hapo mambo mawili huwezekana: ama mnyonge alipe mara mbili, ama wagombane mbele ya wateja. Kwa mtu anayeondoka sokoni na faida ndogo, kulipa mara mbili ni chakula cha watoto kupungua usiku ule.

Mkusanyaji naye asisahauliwe. Mtumishi anayezunguka na noti katika mkoba kutoka soko hadi soko yumo katika hatari ya kuibiwa, ya kupotelewa na ya kukosea hesabu. Aidha, hata akiwa mwaminifu kiasi gani, hana namna ya kumthibitishia mtu kuwa alichokabidhi ndicho alichokusanya. Tuhuma humfuata mwaminifu na mdanganyifu kwa kiwango kilekile.

Kasoro hii si ngeni katika visiwa hivi. Katika karne ya 19 forodha ya Unguja ilikodishwa kwa wafanyabiashara wakubwa, miongoni mwao Jairam Shivji na baadaye Taria Topan. Mkodishwaji alimlipa Sultani kiasi walichokubaliana kwa mwaka, na kilichozidi kikawa chake. Matokeo yake ni kwamba mkusanyaji aliyajua mapato ya nchi kuliko mwenye nchi. Utaratibu ule ulishaondoka, lakini somo lake limebaki: anayeshika kumbukumbu ya malipo ndiye anayeshika mapato yenyewe. Kumbukumbu ikikaa mkobani mwa mtu mmoja, Baraza halijui, na mlipaji hana pa kushika.

NAMNA MFUMO UNAVYOFANYA KAZI

Wengi wetu tumeshazoea malipo ya aina hii bila ya kuyaita kwa jina hilo. Anayenunua umeme wa TUKUZA wa Shirika la Umeme Zanzibar kwa simu huingiza namba ya mita yake, hulipa, na hupokea tarakimu za kuingiza katika mita. Haendi ofisini, na hampi mtu fedha mkononi. Mita ndiyo inayomtambulisha.

Kwa malipo ya Serikali, kinachochukua nafasi ya namba ya mita ni namba ya kumbukumbu ya malipo, ambayo wananchi wengi wameizoea kwa jina la kontroli namba. Tanzania Bara inatumia mfumo mmoja wa malipo ya Serikali ulioanza mwaka 2017, ambao namba zake zina tarakimu 12 na huanza na 99. Halmashauri za huko hutumia pia mfumo wa TAUSI kwa kutayarisha madai ya mapato yao. Serikali ya Mapinduzi Zanzibar inao mfumo wake unaojulikana kwa jina la ZanMalipo. Majina yanatofautiana, lakini mwenendo ni mmoja, nao ni huu ufuatao.

Kwanza, ofisi inayodai huandika deni katika mfumo: jina la mlipaji, aina ya malipo na kiasi. Pili, mfumo hutoa namba ya kumbukumbu inayohusiana na deni hilo peke yake. Tatu, mlipaji hupeleka fedha benki, kwa wakala au kwa simu yake, akitumia namba hiyo. Nne, mfumo huilinganisha fedha na deni, na vikiwiana deni hufungwa. Tano, mlipaji hupata ujumbe au stakabadhi, na fedha huingia katika hesabu ya benki ya taasisi bila ya kupita katika mkono wa mtumishi.

Msingi wa utaratibu huu wote ni kuwa kumbukumbu sasa ziko mahali pengi kwa wakati mmoja. Ziko kwa Baraza, ziko benki au kwenye kampuni ya simu, na ziko kwa mlipaji mwenyewe. Mmoja akiipoteza yake, nyengine zipo. Stakabadhi ya yule mchuuzi ikirowa, malipo yake hayakurowa.

HATUA ZA KUFUATA

Mlipaji anashauriwa afuate hatua hizi kwa utulivu, na asikubali kuharakishwa.

(a) Aombe ankara au namba ya kumbukumbu kutoka ofisi ya Baraza au kwa mtumishi aliyeidhinishwa, na ahakikishe kuwa imeandikwa jina lake au la biashara yake, aina ya malipo na kiasi.

(b) Afungue huduma ya fedha katika simu yake na achague malipo ya Serikali. Au aende benki au kwa wakala na ankara yake. Simu ndogo ya vibonyezo inatosha, na mtandao wa intaneti hauhitajiki kwa huduma zinazopatikana kwa kubonyeza nyota na tarakimu.

(c) Aingize namba ya kumbukumbu, moja baada ya moja, na aisome tena kabla ya kuendelea.

(d) Aingize kiasi kilekile kilichoandikwa katika ankara. Kiasi kikipungua au kuzidi, mfumo unaweza kukataa malipo au kuacha deni wazi.

(e) Asome maelezo yanayotokea katika simu kabla ya kuweka namba ya siri. Anayelipa kwa wakala asimtajie wakala namba yake ya siri.

(f) Ausubiri ujumbe wa uthibitisho na auhifadhi. Asiyeweza kuuhifadhi katika simu aiandike namba ya muamala katika daftari pamoja na tarehe.

FAIDA ZINAZOONEKANA

Faida ya kwanza ni ya safari. Kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2022, Zanzibar ina watu 1,889,773, na wengi wao wanaishi mbali na ofisi za Mabaraza. Mkaazi wa Kojani anayetakiwa kulipa ada Wete hupanda chombo, hupanda gari, hupanga foleni, kisha hurudi njia ileile. Siku nzima imekwenda, na nauli huenda ikakaribia ada yenyewe. Hali ni hiyo kwa wa Fundo, wa Makoongwe, wa Kisiwa Panza na wa Tumbatu. Malipo kwa simu humrejeshea mtu siku yake ya kazi.

Faida ya pili ni ya ushahidi, kama ilivyokwishaelezwa. Mlipaji hahitaji kuaminiwa kwa maneno, na mtumishi mwaminifu hahitaji kujitetea.

Faida ya tatu ni ya Baraza lenyewe. Baraza linalojua kila siku kiasi gani kimeingia, kutoka soko gani na kwa ada ipi, linaweza kupanga lini gari la taka lipite na lini paa la soko litengenezwe. Baraza linalosubiri vitabu vya stakabadhi vikusanywe mwisho wa mwezi hupanga kwa kubahatisha. Mkaguzi wa hesabu naye hupata njia ya kufuata shilingi kutoka kwa mlipaji hadi benki. Kwa mwananchi, faida hii ndiyo inayompa haki ya kuuliza: ikiwa makusanyo yanajulikana, kwa nini taka hazijazolewa?

MAMBO YA KUJIHADHARI

Si vyema kuusifu utaratibu na kuzificha kasoro zake. Wananchi waliozikuta kasoro hizo wenyewe hawataziamini sifa.

Mashine si dawa ya kila jambo. Serikali za mitaa za Tanzania Bara zilizigawa kwa wakusanyaji mashine za mkononi za POS zinazotoa stakabadhi. Pamoja na hayo, ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimekuwa zikibainisha mara kwa mara fedha zilizokusanywa kwa mashine hizo zisizopelekwa benki. Sababu yake ni nyepesi kuifahamu. Pale mlipaji anapotoa noti na mashine ikatoa karatasi, kumbukumbu imekuwa ya kielektroniki lakini fedha bado zimo mkononi mwa mtu. Ni malipo yanayokwenda moja kwa moja katika hesabu ya Baraza ndiyo yanayoifunga njia hiyo.

Kumtumia mtumishi fedha katika simu yake binafsi si malipo ya kielektroniki. Jambo hili linasisitizwa kwa uzito wa pekee, kwa kuwa linafanana kwa sura na lile halali. Simu ni ileile, ujumbe unakuja, lakini mpokeaji ni mtu binafsi na wala si Baraza. Deni linabaki wazi, na aliyetuma hana dai juu ya Baraza. Mtumishi yeyote anayetoa namba yake binafsi kwa malipo ya umma anakiuka taratibu za fedha, na mwananchi asikubali hata kama ameambiwa kuwa mfumo umelala.

Walaghai wanaujua utaratibu huu kuliko baadhi yetu. Hakuna asiyepata kupokea ujumbe wa kutaka ile fedha itumwe kwenye namba hii. Ujumbe wa namna hiyo unaweza kuja kwa jina la Baraza, ukitishia kufunga duka kabla ya saa kumi. Njia ya kujikinga ni moja: pasipo na namba ya kumbukumbu iliyothibitishwa na ofisi, hapana malipo. Namba za walaghai ziripotiwe kwa kupeleka ujumbe kwenda 15040, namba iliyowekwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania kwa ajili hiyo.

Mitambo huweza kusimama. Wakaazi wa Unguja wanakumbuka kukosa umeme tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya mawasiliano ya baharini ya EASSy na Seacom ilipata hitilafu, na intaneti ikazorota Tanzania na katika nchi jirani. Baraza lolote linalohamia malipo ya kielektroniki linapaswa kuwa na utaratibu ulioandikwa wa siku kama hizo, na mlipaji asitozwe faini ya kuchelewa kwa kosa la mtambo.

Kubadilisha mtoa huduma nako kuna gharama zake. Kaunti ya Nairobi, nchini Kenya, ilianza mwaka 2014 kupokea malipo ya maegesho na ada nyengine kwa njia ya simu kupitia kampuni binafsi. Mkataba ulipofikia ukingoni mwaka 2019, kaunti ilibidi itafute mfumo mwengine na wananchi wajifunze upya. Kumbukumbu za walipaji ni mali ya umma, na mikataba izilinde kama mali ya umma.

Makato nayo yasipuuzwe. Tozo ya miamala ya simu ilipoanza Tanzania mwezi Julai 2021, wananchi waliilalamikia, na ikapunguzwa kabla ya mwaka kumalizika. Mwenye kulipa ada ndogo kila siku huumizwa na makato kuliko mwenye kulipa ada kubwa mara moja kwa mwaka. Kwa hivyo Mabaraza yanashauriwa kuruhusu ada ndogondogo zilipwe kwa wiki au kwa mwezi, ili makato yatoke mara moja.

WAJIBU WA MTUMISHI

Mtumishi wa Baraza ndiye uso wa utaratibu huu mbele ya wananchi. Akieleza kwa heshima, utakubalika; akiamrisha, utachukiwa. Anatakiwa atoe ankara kabla ya kudai, ataje sheria ndogo inayohusika anapoulizwa, na asimdhihaki mzee asiyejua kutumia simu. Anapomsaidia asiyesoma, aisome ankara kwa sauti mbele ya ndugu au jirani aliyeaminiwa na mlipaji mwenyewe, na kwa hali yoyote asimuombe namba ya siri.

Aidha, Baraza halipaswi kumfungia mlango asiye na simu. Wapo wajane, wazee na wachuuzi ambao simu zao zimeharibika au hawakuwahi kuwa nazo. Kwa hao, dirisha la benki na kibanda cha wakala vipo, na ankara ya karatasi inatosha. Masheha, ambao wanawajua wakaazi wao nyumba kwa nyumba, wanaombwa kuwaorodhesha wenye uhitaji wa msaada na kuwaeleza lugha wanayoifahamu. Sheha asipokee fedha za ada. Kazi yake ni kuelekeza.

MASUALA YANAYOULIZWA MARA KWA MARA

Suala: Nimelipa, lakini mkusanyaji anasema deni langu bado linaonekana. Nifanye nini?
Jibu: Usilipe tena. Onesha ujumbe wenye namba ya muamala. Mkusanyaji asipoweza kuthibitisha hapo, nenda ofisi ya Baraza na namba hiyo, na uombe ilinganishwe na taarifa ya benki. Fedha zinaweza kuchelewa kuonekana, lakini muamala wenye namba haupotei.

Suala: Nimekosea tarakimu moja. Fedha zangu zimekwenda wapi?
Jibu: Mara nyingi namba isiyokuwepo hukataliwa na mfumo, na fedha hubaki kwako. Ikitokea umelipia deni la mtu mwengine, toa taarifa mapema kwa Baraza na kwa kampuni ya simu au benki yako. Ndiyo maana unashauriwa kusoma jina na kiasi kabla ya kuweka namba ya siri.

Suala: Mwanangu aliyeko Muscat anaweza kunilipia?
Jibu: Mtu yeyote mwenye namba ya kumbukumbu anaweza kulipa kwa niaba yako kupitia benki au huduma ya fedha inayoutambua mfumo. Deni linafungwa kwa jina lako, si kwa jina la aliyelipa.

Suala: Namba ya kumbukumbu niliyopewa mwaka jana inafaa mwaka huu?
Jibu: Haifai kwa deni jipya. Kila deni lina namba yake, na namba huweza kuwa na muda wa kumalizika. Omba nyengine.

Suala: Je, serikali itazijua fedha zangu zote zilizomo katika simu?
Jibu: Baraza hupokea taarifa ya malipo uliyoyafanya kwake. Halioni salio lako, wala miamala yako na watu wengine.

MWISHO

Ndugu wananchi, ada ya soko ni kitu kidogo, lakini ndiyo mahali ambapo raia wengi hukutana na Serikali yao uso kwa uso, tena kila siku. Mchuuzi akitozwa mara mbili, hamlaumu mkusanyaji peke yake. Huilaumu Serikali nzima, na siku nyengine hujificha anapomuona mtumishi. Akilipa mara moja na akawa na ushahidi wake, huweza kusimama wima na kuuliza soko lake litasafishwa lini. Haki hiyo ya kuuliza ina thamani kubwa kuliko ada yenyewe.

Kila mlipaji, kwa hiyo, anahimizwa kudai ankara, kulipa kwa namba ya kumbukumbu na kuhifadhi uthibitisho. Kila mtumishi anakumbushwa kuwa fedha ya umma isiyopita mkononi mwake ni kinga yake yeye kabla ya kuwa kinga ya Baraza. Mwenye suala lolote afike katika ofisi ya Baraza lake au kwa sheha wa shehia yake, saa za kazi, akiwa na ankara yake.